Tafadhali Mnyimeni Mjukuu Wangu Ukuu wa Wahandisi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Kampuni ya Mitambo ya Kompyuta,
Jengo la vioo, ghorofa ya sita.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana ni ndefu, na mimi ninayeisema nimekaa pia. Sikusoma shule hata siku moja. Anayeandika ni jirani yangu, mpiga chapa mstaafu, aliyepiga barua za wakubwa kwa miaka thelathini na mmoja na anajua mahali pa kuweka "kwa heshima na taadhima". Maneno ni yangu, heshima na taadhima ni zake. Nimemwambia asifute kitu. Ameniahidi, ingawa nimeshamwona akisita mara mbili na hatujafika popote.

Mimi ni bibi wa kaimu mkuu wako wa wahandisi. Yule mfupi, mwenye miwani, anayecheka huku amefunika mdomo. Nimemlea tangu ana miaka minne, na mpaka leo tunaishi pamoja, yeye na mimi, vyumba viwili juu ya duka la viatu. Nasikia Ijumaa hii bodi yenu itakaa kuamua kama kaimu awe mkuu kamili, au kiti apewe mtu mwingine. Ninaandika kukuomba, kwa moyo mkunjufu kabisa, mumnyime.

Usishtuke, mwanangu. (Mpiga chapa anasema mkurugenzi haitwi mwanangu. Nimemuuliza mkurugenzi ana umri gani, akasema labda hamsini. Basi, tuendelee.) Sababu zangu ninazo, na nimeomba zipigwe kwa namba ili usipotee njiani.

1. Vioo.

Kila mjukuu wangu anapofanya jambo ambalo wanaume wa hapo kwenu wamekuwa wakilifanya tangu jengo halijapakwa rangi, mnampa kipande cha kioo kilichochongwa, kizito kama tofali, kimeandikwa "Mwanamke wa Kwanza". Mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya mafaili. Mwanamke wa kwanza kuhutubia mkutano wa mwaka. Mwanamke wa kwanza kuingia chumba cha mitambo cha tawi la pili. Hicho cha chumba cha mitambo nilikitilia shaka. Nikamuuliza, kama wewe ndiye mwanamke wa kwanza kuingia humo, anayefagia ni nani? Akasema ni mama mmoja mpole, anafagia humo mwaka wa tisa sasa. Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, mmempa mtoto wangu kioo cha mtu mwingine.

Sasa tunavyo saba. Kimoja kinazuia mlango wa jikoni usijigonge. Viwili vinashikilia pazia upepo ukivuma. Kingine kiliniangukia kidole cha mguu nikachechemea wiki nzima, na muuguzi wa zahanati aliponiuliza nimeumizwa na nini, nikamwambia nimeangukiwa na maendeleo ya wanawake. Akaandika hivyohivyo kwenye faili. Unaweza kulitazama, maana mafaili ya zahanati ile mnayatunza ninyi.

Mkimpa ukuu kamili, mtampa kioo kikubwa zaidi. Nyumba yetu haina sakafu ya kubeba jambo hilo.

2. Picha.

Kwenye ukuta wenu wa mapokezi kuna picha yake ukubwa wa mlango. Nimeiona kwa macho yangu, siku nilipompelekea miwani aliyoisahau. Amevaa kofia ngumu ya mjenzi. Nilimuuliza, hapo ofisini kwenu kuna kitu gani kinachoanguka kutoka juu? Akasema hakuna, bibi, ila mpiga picha alikuja nayo kwenye begi. Kwenye picha hiyohiyo ananyoosha kidole kwenye kompyuta, na uso wake umejaa maarifa. Kompyuta yenyewe imezimwa. Nikamuuliza ulikuwa unaonyesha nini. Akasema, "Vumbi."

Walimtoa kwenye kazi saa tatu nzima kwa ajili ya vumbi hilo.

3. Sherehe.

Mnampenda sana siku za sherehe. Kila inapofika siku ya kuwaenzi wanawake wenu wa ufundi, anaitwa mbele, anapewa kipaza sauti, anaulizwa anajisikiaje kuwa mwanamke katika kazi hii. Nimeuliza kama wanaume wa hapo nao huitwa mbele kuulizwa wanajisikiaje kuwa wanaume. Nimeambiwa bado. Basi anajibu, anapigiwa makofi, keki inakatwa, na mitambo aliyoiacha mezani inamngoja. Kazi ya siku ya sherehe anakuja kuifanya nyumbani Jumapili, nami naketi pembeni namtazama anavyosherehekewa.

Mwaka huu mmemsherehekea mara nne. Naomba mpunguze kumheshimu, mtoto anakonda.

4. Hilo neno kaimu.

Nilikuwa silijui. Mpiga chapa ndiye aliyenieleza: kaimu ni mtu anayefanya kazi yote ya kiti bila kukikalia. Nikadhani ni jambo la wiki mbili, kama mtu anayekuangalizia duka ukienda msalani. Sasa ni miezi kumi na minne. Mkuu wa zamani alikwenda zake akiwa na mvi chache, nasikia huko aliko zimejaa kichwa kizima.

Chumba chake kimefungwa. Nilimuuliza mjukuu wangu kwa nini asikae humo kama kazi ni yake. Akasema hawezi, chumba kimejaa. Kimejaa nini? Maputo, vitambaa vya kutundika na lile bango kubwa la "Wanawake Juu". Yaani chumba cha mkuu wa wahandisi ni stoo ya vifaa vya kumsherehekea, na mwenyewe anakaa nje, kwenye meza ileile ya zamani karibu na mashine ya kuchapa karatasi, ambapo kila anayengoja karatasi zake anamwegemea. Ana wahandisi ishirini na wawili chini yake na kiwiko cha mtu begani mwake.

Mimi naona tatizo si ninyi, ni yeye. Angefanya kazi vibaya kidogo, mngelazimika kutafuta mkuu haraka. Kaimu mzuri ni hasara kwake mwenyewe. Kwa hiyo mnyimeni, ajifunze.

5. Simu ya zamu.

Hapa naomba unisikilize vizuri, maana jambo hili nadhani hulijui.

Kampuni yenu, kama nilivyoelezwa, inatunza mafaili ya wagonjwa wa zahanati zaidi ya mia mbili, ili muuguzi akiandika jina lako aone ulipewa dawa gani safari iliyopita. Mitambo ikilala, muuguzi anabaki kukodoa macho. Ndiyo maana kuna simu ya zamu. Mitambo ikilala inalia, na mwenye zamu aipokee kabla haijalia mara tano. Wahandisi wengine wanaishika kwa kupokezana, wiki kwa wiki. Kaimu peke yake anakaa na ya kwake wiki zote, kwa sababu ni kaimu.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, mjukuu wangu alikuwa bafuni, kichwa kizima povu. Simu ikalia. Ikalia tena. Nikahesabu, nikaona inaelekea tano. Nikapokea.

Upande wa pili alikuwa kijana ninayemwita Bwana Slaidi, kwa kuwa nasikia hawezi hata kukujulia hali bila kuwasha ukutani picha zenye mishale. Mjukuu wangu ndiye aliyemfundisha kazi, miaka mitatu iliyopita, alipokuja akiwa hajui kuzima alichokiwasha. Hakuuliza anaongea na nani. Alisema tu mfumo umelala, zahanati zote giza. Nikamuuliza umegusa nini. Akasema hajagusa kitu. Nikamuuliza tena, umegusa nini, mwanangu. Akasema hajagusa kitu cha maana. Basi nikanyamaza.

Lazima nikueleze kunyamaza huko. Mimi nilikuwa fundi wa majiko ya mafuta ya taa kwa miaka arobaini. Nilizibua matundu yake kwa pini, ndiyo maana hapa mtaani mpaka leo naitwa Bibi Pini. Kila aliyeniletea jiko alikuwa na wimbo mmoja: limejizimia lenyewe. Sijawahi kuona jiko lililojizimia lenyewe. Nilikuwa nauliza mara tatu, ya tatu kwa kunyamaza, na mtu anatapika mwenyewe kwamba alichanganya mafuta ya kopo jingine, au alimpa shemeji yake alitengeneze kwanza. Mjukuu wangu alikulia kwenye benchi langu akinishikia pini. Nimeambiwa na wahandisi wako wawili, waliokuja kunywa chai kwangu, kwamba hivyo ndivyo anavyowauliza mpaka leo, na kwamba hiyo mara ya tatu inawatoa jasho.

Bwana Slaidi naye akatapika. Asubuhi hiyo aliingiza kitu kipya kwenye mfumo, kidogo tu, cha kupendezesha macho. Na sheria ya mjukuu wangu, ambayo hata mimi nisiyejua herufi naijua, ni kwamba Jumamosi hakuna anayeingiza kitu kipya. Nikamwambia kitoe. Rudisha kila kitu kama kilivyokuwa jana, kisha kunja mikono usubiri mwenye akili atoke kuoga. Akasema, "Sawa, mkuu." Mjukuu wangu alipotoka na taulo kichwani, zahanati zilikuwa zimeshaamka.

Sasa ona kilichofuata. Mjukuu wangu ana desturi moja aliyoileta yeye hapo kwenu: mitambo ikianguka, anaandika taarifa ya nini kiliharibika na kilirekebishwaje, lakini haandiki nani aliyeharibu. Anasema ukiandika majina, kesho watu wataficha makosa, na kosa lililofichwa ndilo linaloua wagonjwa. Naiona desturi nzuri. Akaandika taarifa yake ya ukweli, bila jina hata moja. Ninyi huko juu mkaisoma, mkakuta mitambo ilianguka na ikainuliwa kwa dakika kumi na moja, hamkuona jina, mkaulizana nani alikuwa kazini. Bwana Slaidi alikuwa kazini. Jumatatu mkampa cheti cha "Uongozi Tulivu Wakati wa Dharura".

Sidai cheti. Nauliza tu, kwa kuwa kampuni yenu ni hodari wa kuhesabu wa kwanza: mwanamke wa kwanza asiyejua kusoma kuinua mitambo yenu ni nani? Ukipata jibu, likalie kimya.

6. Chai.

Hili lilitakiwa liwe la tatu, lakini mpiga chapa keshapiga tano na hataki kurudi nyuma. Kwenye mikutano ya wakuu, mjukuu wangu ndiye mwanamke peke yake, na ndiye anayeulizwa sukari iko wapi. Mara ya kwanza alisema hajui. Mara ya pili aliwaonyesha. Sasa anajua, na kwa kuwa anajua, anaulizwa kila siku. Ni hilo tu. Ni dogo, lakini limenikaa kooni.

7. Barua.

Wiki iliyopita nilikuwa natandika upya kitambaa cha meza, nikakuta barua imelazwa chini yake. Mimi sisomi, lakini najua karatasi iliyofichwa ikoje. Nikampelekea mpiga chapa. Akaisoma mara mbili. Mara ya kwanza aliisoma kama anavyosoma barua yoyote. Mara ya pili alishusha sauti.

Ilitoka kwenye kamati yenu ya usaili. Inasema kamati imeridhika na uwezo wake, na uzoefu wake, na jinsi wahandisi wanavyomheshimu. Halafu inasema kamati ina wasiwasi na mazingira ya nyumbani, kwa kuwa anaishi na bibi mzee anayemtegemea, na ukuu wa wahandisi unahitaji mtu asiye na mizigo ya kumvuta nyuma. Kwa hiyo kamati inaipelekea bodi jina la Bwana Slaidi, na inamwomba mjukuu wangu aendelee kumsaidia kwa moyo uleule.

Mzigo ni mimi. Nilimwomba jirani arudie hapo ili nihakikishe.

Kumbe walimuuliza kwenye usaili anaishi na nani, naye, kwa kuwa hajui kusema uongo, kosa ambalo ni langu, akawajibu. Barua alikuwa nayo siku nne. Siku zote nne alirudi jioni, akaniuliza kama nimekula, akanipaka mafuta magoti, akaniuliza kama leo yameniuma zaidi ya jana. Hakusema neno. Alijua angesema, ningehama.

Na ni kweli, nilitaka kuhama. Nilitoa begi uvunguni nikaweka nguo zangu, na picha ya mama yake. Nilitaka niende kwa mdogo wangu, ambaye ana nafasi ingawa ana mdomo. Halafu magoti yakaniuma, nikakalia begi, na pale juu ya begi hasira ikanishuka na akili ikanipanda. Nikasema hapana. Kampuni imeandika kwa karatasi, na mimi nitajibu kwa karatasi. Nikamfuata mpiga chapa. Aliponiona tu alikuwa keshafungua kifuniko cha mashine.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, nakubaliana na kamati yako. Tena nataka kuisaidia.

Ni kweli mjukuu wangu ananitegemeza. Ananifungulia kichupa cha dawa, ambacho kifuniko chake bila shaka kilibuniwa na mtu asiye na bibi. Ananisomea majina ya wanaopiga simu, nichague wa kumpokea na wa kumwacha alie. Hayo ndiyo mambo mawili, ukiacha mafuta ya magoti. Mimi namwamsha, namnyooshea nguo, namfungia chakula cha mchana, namsikiliza anapoongea peke yake akitafuta kosa kwenye mitambo, na akilipata najifanya nimeelewa. Mpigie hesabu mwenyewe nani anamvuta nani, na anamvuta kwenda mbele au nyuma. Lakini kamati imeshasema, nami sibishani na watu waliosoma.

Ombi langu ni hili: mkimnyima kwa sababu yangu, basi msimpe Bwana Slaidi pia. Nimefanya utafiti. Bwana Slaidi ana mama, ambaye yuko hai na ana presha. Ana mke aliyejifungua juzi, watoto wawili kwa mpigo. Watu wanne, bila kumhesabu baba mkwe. Mimi ni mmoja, tena mwembamba. Kwa kipimo cha kamati, yeye ana mzigo mara nne ya mjukuu wangu, na itakuwa dhuluma kubwa kumbebesha na mitambo juu yake. Nashangaa hamkumuuliza anaishi na nani. Labda muda ulikuwa umekwisha.

Mtafuteni, basi, mwanamume asiye na bibi. Asiwe na mama pia, wala mke, wala mtoto wa kuugua shuleni, wala kaka wa kumkopa gari, wala shangazi wa kumpigia simu katikati ya kikao kumuuliza kama amekula. Awe ameokotwa. Ikiwezekana asiwe amezaliwa, maana kuzaliwa ndiko kunakoleta jamaa. Mkimpata mtu wa aina hiyo, mpeni kiti, nami nitakuwa wa kwanza kumpigia makofi, kwa mbali kidogo, maana nitakuwa namwogopa.

Na hapa, mwanangu, inanibidi niseme jambo linalonipa tabu kwa sababu nakupenda. Mwezi uliopita kwenye ukurasa wa kampuni mliweka picha yako ukimshika mkono mama yako kumtoa hospitali ya macho. Chini yake mliandika "Kiongozi Mwenye Utu". Mjukuu wangu alinionyesha, na nilifurahi mpaka nikamwita jirani aje aone. Mama yako ni mzuri, anafanana na mtu anayejua kununa. Lakini kwa barua ya kamati yako, picha ile si utu, ni mzigo uliopigwa picha mchana kweupe. Wewe una mama mwenye macho mabovu, nawe ndiye mkuu wa kampuni nzima, si wa wahandisi tu. Nakuomba ujiuzulu kabla ya Ijumaa, ili kamati isionekane ina mizani miwili.

Kama kujiuzulu kutakuwa kugumu kwa taarifa fupi hivi, basi nakubali njia ya kati. Niiteni mimi kwenye kikao cha bodi. Kwa kuwa ni mimi niliyemkosesha, ni haki nisailiwe mimi. Nitakuja asubuhi, nitapanda hizo ghorofa sita kwa lifti, na nitakaa kimya mbele yenu mpaka mmoja wenu aseme mwenyewe nini hasa kiliguswa. Nina muda. Sina kazi nyingine, mimi ni mzigo.

Sina la kuongeza. Nimalizie kwa salamu, maana sikulelewa kuondoka mahali bila kuaga. Msalimie mlinzi wa mlangoni, aliyenipa kiti chake siku ile ya miwani akasimama yeye. Msalimie dada wa mapokezi, umwambie lile koti nimelikumbuka na vifungo nitamshonea. Msalimie yule mama wa kufagia chumba cha mitambo, hongera zake mwambie zimechelewa miaka tisa. Wasalimie wahandisi wote ishirini na wawili, hasa wale wawili wa chai, sufuria yao ipo. Msalimie Bwana Slaidi pia. Si kijana mbaya, ana haraka tu, na pacha watampunguza mwendo. Mama yako mpe salamu za pekee. Mwambie asisugue macho.

Ni mimi ninayewatakia mitambo isiyolala na kamati inayolala kidogo,

Bibi Pini,
fundi wa majiko ya mafuta, mstaafu;
bibi wa kaimu.

(Alama ya kidole gumba iliyo hapo chini ni yangu. Doa lililo pembeni ni chai ya mpiga chapa.)

N.B. Barua imesomwa kwangu yote tangu juu mpaka kwenye kidole. Jirani alipomaliza, akavua miwani, akaniuliza taratibu kama kweli ninataka mtoto anyimwe. Nikamnyamazia. Akaninyamazia na yeye. Basi nimemwambia arudishe karatasi kwenye mashine.

Puuza kila kitu kuanzia moja hadi saba. Ukweli ni kwamba mtaa mzima unajua mjukuu wangu ndiye mkuu wa wahandisi, na umejua hivyo kwa miezi kumi na minne, kwa sababu niliwaambia mimi. Nilianza kwa fundi viatu hapo chini, nikaenda nyumba kwa nyumba. Neno kaimu nilitoka nalo mlangoni, lakini lilinidondoka kwenye ngazi, na sikurudi kuliokota. Jumamosi hii, siku moja baada ya bodi yenu, watu sitini wanakuja kumpongeza. Mwenyewe hajui. Viti vimeshafika, vimepangwa kwenye ngazi, mjukuu ameambiwa ni vya harusi ya jirani, na fundi viatu ametoa kaunta yake yote nje ili watu wapite.

Kwa hiyo mpeni. Mkimnyima, itabidi uje wewe mwenyewe saa nane mchana usimame uwaeleze, maana mimi mdomo wangu hautafunguka. Nitakuwekea kiti cha mbele, pembeni yangu. Mkimpa, njoo vilevile. Kiti ni hichohicho.